Ukuta, michongoma, migomba au neti: kipi kitaficha uwani kwako, Arusha na Moshi

Viwanja vingi vya Arusha na Moshi viko mteremkoni: huku Meru, kule Kilimanjaro, na nyumba zinashuka hatua kwa hatua. Jirani wa upande wa juu, hata kama hana ghorofa, sakafu yake inaweza kuwa imeinuka mita nzima kuliko yako. Ongeza ghorofa zinazoota Njiro, Moshono, Sakina na Soweto ya Moshi, utaelewa kwa nini mtu anamalizia akiba yake kwenye ukuta wa tofali, anapiga lipu, anapaka rangi, halafu akitoka nje na chai jioni dirisha la jirani bado linamtazama.

Hapa tunalinganisha njia zinazotumika zaidi kwenye miji hii miwili. Bei hatuziweki kwa sababu saruji na bati hazikai bei moja miezi miwili. Tunaweka idadi ya vifaa ili uzidishe mwenyewe kwa bei ya duka lililo karibu nawe.

Pima jicho kabla ya kupima kiwanja

Chukua kiti, kaa pale hasa unapotaka pawe na faragha. Mtu mwingine asimamishe mrunda mrefu mpakani, aupandishe kitambaa polepole mpaka wewe uliyekaa uone kitambaa kimefika usawa wa juu wa dirisha linalokusumbua. Urefu huo, ongeza sentimita 20, ndio kizuizi unachohitaji pale mpakani. Kisha mwambie asogee na mrunda hadi mita moja na nusu kutoka ulipo, mrudie.

Tuweke mfano wa kawaida. Jirani ana ghorofa moja juu, akisimama dirishani jicho lake liko kama mita 4.5 kutoka ardhini. Dirisha liko mita 6 kutoka mpaka, wewe umekaa mita 4 upande wako, na kichwa chako kikiwa kitini ni mita 1.2. Mstari wa jicho lake unapita juu ya mpaka kwenye mita 2.5. Ukuta wa kawaida wa kozi 9, yaani mistari 9 ya tofali yenye kama mita 2.2, hauufikii. Lakini mstari huohuo, mita moja na nusu kutoka kwenye kiti chako, uko kwenye mita 1.7 tu. Yaani kizuizi cha mita 1.9 chenye upana wa mita 3, kikiwekwa karibu na meza, kinafanya kazi ambayo ukuta wa mita 20 mpakani umeshindwa kuifanya.

Kwa jirani asiye na ghorofa, au yule wa mteremkoni ambaye ardhi yake imezidi yako kwa mita moja, hesabu inageuka. Akiwa amesimama mita 5 ndani ya kwake, mstari unapita mpakani kwenye mita 1.8, ukuta unatosha. Akija kusimama palepale ukutani atakuchungulia, ila hapo tena ni suala la tabia, tofali haliliwezi.

Kwa hiyo jua kwanza unajikinga na jicho la chini au la juu. La chini linazuiwa mpakani. La juu linazuiwa kwa kitu kirefu kinachoota, au kwa kitu kifupi kilicho karibu nawe. Tunaona watu wengi wakilipia jibu la swali la kwanza wakati shida yao ni la pili.

Ukuta wa tofali

Ndio unaofikiriwa kwanza na ndio wenye gharama kubwa kuliko yote. Unaficha siku unapokamilika, unazuia mbwa na wezi, unapunguza kelele kidogo (mimea haipunguzi kelele kwa kiasi cha kuhesabika, usidanganywe na muuza miche), na hauhitaji maji.

Kwa mita 20 za ukuta wa tofali za bloku za inchi 6, zile za inchi 18 kwa 9, hesabu ni hii. Kila kozi inakula tofali 43. Kozi 9 juu ya ardhi zinakupa kama mita 2.2, kozi 3 ziko chini. Jumla ni tofali 516, nunua 540 kwa sababu kuna zitakazovunjika njiani na za kukata. Nguzo za zege kila mita 3 zinakuwa 8, kila moja nondo 4 za milimita 12. Nondo moja ya mita 12 inatoa vipande vinne vya kutosha nguzo moja, basi ni nondo 8. Ringi za milimita 6 au 8, kila sentimita 20. Saruji: mifuko 7 ya zege la msingi wenye upana wa sentimita 50 na unene wa 15, mifuko 5 ya nguzo, 5 hadi 6 ya kujengea, na 8 ya lipu pande zote mbili. Ukiamua kuacha lipu upande wa jirani utaokoa mifuko minne, na jirani atakuwa na la kusema.

Sasa kinachoharibika. Ukuta wa uzio hauanguki kwa uzee, unaanguka masika. Mteremkoni, ukuta unaokatisha njia ya maji ni bwawa. Maji ya Machi na Aprili yanashuka kutoka juu, yanakusanyika nyuma yake, udongo unalowa chini ya msingi, na usiku mmoja mita kumi zinalala kwa pamoja. Dawa ni kupitisha vipande vya bomba la inchi 4 kwenye kozi ya kwanza juu ya ardhi, kila mita 2 au 2.5, na upande wa juu uchimbe mfereji mdogo wa kuyaongoza kwenye mtaro. Weka wavu kwenye midomo ya mabomba, la sivyo majani na takataka zitaziba mvua ya kwanza. Na zungumza na jirani wa chini kabla, maana maji hayo yanakwenda kwake.

Kosa la pili ni nondo za nguzo kuanzia juu ya msingi badala ya kushikwa ndani ya zege la msingi. Ukipita fundi akiwa anamwaga zege la chini na huoni nondo zimesimama, msimamishe hapohapo. Zinatakiwa ziwe na kiguu kilichokunjwa chini, kimelala ndani ya zege. La tatu ni ukuta mrefu usio na mwachano: kila mita 10 hivi weka nguzo mbili zilizokaribiana, nafasi ya sentimita 2 katikati, vinginevyo utajichagulia wenyewe pa kupasukia. Kwenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, usimwage msingi juu yake. Chimba mpaka upite kina cha nyufa, rudishia moramu, uishindilie kwa tabaka.

Tofali zenyewe zikague. Kwaruza kona kwa msumari. Ikitoa unga kirahisi ni saruji kidogo au haikumwagiwa maji. Tofali linatakiwa limwagiwe asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau baada ya kufyatuliwa.

Na vipi kuhusu kuongeza kozi ili kumzuia wa ghorofani? Usifanye hivyo juu juu. Nguvu ya upepo ya kuupindua ukuta inakua kwa mraba wa urefu: ukitoka mita 2.2 kwenda 3, nguvu hiyo inakaribia mara mbili, wakati msingi na nguzo ni zilezile. Ukuta wa mita 3 unahitaji nguzo za karibu zaidi, msingi mpana zaidi na mkanda wa zege juu, na hapo mhandisi si anasa. Moshi mjini kuna jambo jingine: ukuta mzima wa mita 3 unakunyima upepo, na joto la Januari na Februari unalijua. Kama lazima uongeze urefu, kozi mbili za juu ziwe tofali za matundu.

Ukuta wa paneli za zege zinazotumbukizwa kwenye nguzo zenye mifereji ni binamu wa huu. Unasimama kwa siku chache na unaweza kung'olewa ukihama. Nguzo zake zikichimbiwa chini ya sentimita 60 bila zege zinaanza kuinama mvua ya pili, na paneli zinaachia nafasi.

Mabati

Yanaficha siku hiyohiyo. Mita 20 za bati linalofunika sentimita 75 baada ya kulaliana ni bati 27. Kumbuka namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 32 usiiweke kwenye uzio, mkono tu unaikunja. Nguzo kila mita 2.4, fito tatu za kulala, misumari au skrubu zenye mpira. Acha sentimita 5 hadi 10 chini ili bati lisikae kwenye udongo, kwa sababu kutu inaanzia kwenye ncha iliyokatwa.

Ubaya wake ni kelele za upepo wa kiangazi, mng'ao wa jua unaorudi machoni mwako mchana, na sura ya eneo la ujenzi. Kwa kukodi au kwa kusubiri mimea ikue, sawa. Kwa kukaa miaka kumi, hapana.

Ua wa mimea

Hapa ndipo Arusha na Moshi zinapozipita sehemu nyingine nyingi za nchi. Udongo wa volkano, masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba au Novemba hadi Desemba. Mche ukipandwa wiki ya kwanza ya masika unapata miezi miwili ya kujishika kabla ya baridi ya Juni. Ukikosa masika, subiri vuli. Aliyepanda Julai atabeba ndoo hadi Oktoba, na bili ya maji ya AUWSA au MUWSA itamkumbusha.

Gharama halisi ya ua wa mimea ni nafasi. Ua mnene unachukua sentimita 80 hadi mita nzima upande wako. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20, upande mmoja tu unameza mita za mraba 20. Fikiria hilo kabla hujasema mimea ni bure.

Mchongoma ndio mfalme wa uzio wa chini. Kwa mita 20 panda safu mbili zinazopishana, mche kila sentimita 40, safu kwa safu sentimita 40: miche 100. Chimba mtaro wa sentimita 45 kwa 45, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita. Baada ya miaka miwili hadi mitatu unaufikisha mita moja na nusu au zaidi, na hapo hata mbwa hapiti.

Siri yote iko kwenye mkasi wa mwanzo. Mche ukifika goti, ukate theluthi moja. Inauma, lakini usipokata unakwenda juu na chini panabaki vijiti vitupu, na jirani anakuona miguu hadi kiuno. Rudia kila unapoongeza futi moja. Ukishakuwa mkubwa, uukate chini ukiwa mpana kuliko juu ili jua lifike kwenye majani ya chini. Makosa ni kuukata kama uyoga, kichwa kinene na kiuno chembamba. Baada ya kupogoa, miiba yote iokotwe siku hiyohiyo na kuchomwa. Mwiba mkavu wa mchongoma unapita soli ya kandambili na tairi la baiskeli. Matunda yake ni machachu lakini yanaliwa, watoto wakiyachuma usihangaike.

Duranta inakua haraka kuliko mchongoma na inakubali kukatwa vizuri, ila vitunda vyake vya njano vina sumu, hivyo kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa tafuta kingine au ukate kabla haijatoa maua. Mnyaa unaota hata pasipo na mvua. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni safari ya hospitali, kwa hiyo anayeukata avae miwani na awe na maji karibu. Bogenvilia inapendeza na inapenda jua kali la Moshi, lakini peke yake si ua, ni kichaka kinachoegemea. Ipe waya wa kuupanda.

Saiprasi tungekushauri uiache, hata kama ua wa saiprasi uliokatwa vizuri Ilboru au Sekei unavutia macho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliingia Afrika Mashariki kidukari wa saiprasi, mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza matawi, na bado yupo. Ua unaanza kukauka kwa mabaka. Shida yenyewe ni kwamba saiprasi haichipui kutoka kwenye tawi kuukuu lisilo na majani. Baka likishakauka, tundu hilo ni la kudumu.

Sasa jicho la ghorofani. Mchongoma hauliwezi bila kuuachia urefu ambao huwezi kuukata bila ngazi. Hapa kuna wagombea wawili, na tunampa nafasi kubwa yule anayedharauliwa.

*Migomba.* Mtu anayeishi Moshi anaiona kila siku mpaka haioni tena. Mgomba mrefu wa mshare unakwenda mita 3 hadi 4 na zaidi, unaanza kuficha ndani ya mwaka, na unakupa mkungu. Kwa mita 20, mashina 8 kwa nafasi ya mita 2.5 yanatosha. Shimo la sentimita 60 pande zote, madebe mawili ya samadi, chipukizi lenye majani membamba ya upanga na si lile la majani mapana. Menya mizizi na ngozi ya chini mpaka uone pameupe. Ukiona vishimo vyeusi ni fukusi, litupe. Usichukue chipukizi kwenye shamba ambalo majani ya chini yananjanika na kuning'inia, na shina likikatwa linaonyesha mistari ya kahawia: huo ni mnyauko, na mshare na kisukari yote inaupata. Ukishauingiza kwenye udongo wako hautoki.

Kila shina libaki na mama, binti na mjukuu, mengine yang'oe. Ndivyo faragha yako haikatiki: mama akikatwa, binti tayari ameshafika dirishani kwa jirani. Ubaya ni maji ya kiangazi, majani kuchanwa na upepo kati ya Julai na Septemba, na kasi ndogo kwenye baridi ya juu, upande wa Ngaramtoni kwa mfano. Maji ya kuogea na kufulia nguo yakielekezwa huko yanasaidia sana, mradi hayana dawa ya kung'arisha nguo.

*Mwashoki wa kusimama*, ule mwembamba wenye majani yanayoning'inia, unafaa pale penye nafasi ndogo. Panda kila sentimita 80 hadi mita moja, na usiukate kichwa mpaka ufikie urefu unaotaka. Unashika vizuri Moshi mjini kwenye joto; Arusha unasuasua. Unahitaji miaka kadhaa kufika mita 4, basi si wa mtu mwenye haraka. Usiupande chini ya waya za TANESCO wala karibu na shimo la choo.

Tuseme pia kuhusu masale. Kwenye kivuli, chini ya miti au migomba, masale yanajaza ile nafasi ya chini ambayo mimea mingine inakataa. Yanaota kwa vipande tu. Kwenye jua kamili la Pasua au Majengo majani yanaungua ncha. Na ukinunua eneo Machame, Kibosho au Marangu ukakuta mstari wa masale, usiung'oe ili upande ua wako. Pale ndio mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na mzee wa upande wa pili hataona umepanda bustani. Ataona umehamisha mpaka.

Waya na mtambaazi, neti, mianzi

Wavu wa chenilinki wenye mpasheni juu yake ni njia ya kati: mwembamba kuliko ua, wa haraka kuliko mchongoma. Shina moja kila mita 2 hadi 3 na mwaka haujaisha wavu umefunikwa. Mpasheni hauishi sana, baada ya miaka mitatu minne unachoka au unapata ugonjwa, hivyo panda mrithi mapema pembeni yake. Nguzo za mwisho zipigwe mihimili ya kuegemea, kwa sababu mtambaazi uliolowa mvua ni mzito na upepo unausukuma kama tanga.

Neti ya kivuli inauzwa kwa asilimia. Ya 50 ni ya kitalu cha miche, haifichi. Chukua ya 80 kwenda juu. Isivutwe kama ngozi ya ngoma, ipe ulegevu kidogo, ifungwe kwenye waya uliokazwa juu na chini kila sentimita 30, ukikunja ukingo mara mbili kabla ya kutoboa. Jua linaila, baada ya miaka michache inakuwa ngumu na kuchanika. Kuna jambo watu hawalitegemei: usiku, taa ikiwa nyuma yako na giza kwa jirani, neti inakuonyesha kivuli kizima kama pazia la sinema. Taa iwe nje ya neti, ikimulika neti yenyewe kutoka upande wa jirani, ndipo yeye anaona mng'ao tu.

Mianzi iliyokufa, yaani mikeka ya fito, inapendeza na inaliwa na dudu ndani ya misimu michache kama haikutiwa dawa. Isigusane na ardhi. Mianzi hai ni nzuri kwa urefu, lakini uliza kabla ya kununua kama ni ile inayokaa kishada au inayotambaa chini kwa chini. Ya kutambaa itaibukia sebuleni kwa jirani.

Kizuizi cha karibu

Turudi kwenye ile mita moja na nusu. Nguzo nne za mkaratusi zilizotiwa dawa kiwandani, urefu wa mita 3, zikichimbiwa sentimita 60, zinakupa kibanda cha mita 3 kwa 3 chenye paa la mita 2.4. Upande unaomtazama jirani piga papi, zile mbao nyembamba, za kulala zenye nafasi ya sentimita 2 hadi 3 mpaka usawa wa mita 1.9. Hewa inapita, jicho halipiti. Zege la kuzungushia nguzo liinuke kidogo juu ya ardhi na liwe na mteremko, maji yasikae shingoni mwa mti. Mirunda ya kawaida iliyopakwa oili chafu ni rahisi, lakini oili inakaa juu tu. Mchwa wanapita katikati.

Kama jirani ana ghorofa mbili na yuko karibu, anakuangalia kwa juu kabisa, ukingo wa pembeni hautoshi. Weka paa la papi zilizosimamishwa kwa ubavu, zikikatisha upande anaotokea. Papi za sentimita 10 zikiachwa nafasi ya sentimita 10 zinakata macho yanayoshuka kwa mteremko wa hadi nyuzi 45. Juu yake panda mpasheni na umeshamaliza. Mbao na nguzo hizi ni sehemu ndogo tu ya vifaa vya ule ukuta wa mita 20, na kwa mtu anayejikinga na ghorofa ndicho tungekijenga kwanza, kabla hata ya kuuliza bei ya tofali.

| Njia | Inaanza kuficha | Jicho la ghorofani | Itakayokusumbua |
|---|---|---|---|
| Ukuta kozi 9 | Ukikamilika | Mara chache | Maji ya masika, msingi |
| Mabati | Siku hiyohiyo | Hapana | Kelele, kutu, mng'ao |
| Mchongoma | Miaka 2 hadi 3 | Hapana | Kupogoa, miiba, nafasi |
| Migomba | Ndani ya mwaka | Ndiyo | Maji kiangazi, upepo |
| Mwashoki | Miaka kadhaa | Ndiyo, ukikua | Subira, baridi ya Arusha |
| Neti 80 | Siku hiyohiyo | Ikiwekwa karibu | Taa za usiku, jua |
| Kibanda cha papi | Wikiendi moja au mbili | Ndiyo | Mchwa kama mti hauna dawa |

Nani achague nini

Mpangaji asiguse tofali wala mchongoma. Neti karibu na meza, au kibanda chenye nguzo zilizosimamishwa kwenye madebe ya zege ili ukihama uende nacho. Mwenye nyumba ambaye majirani hawana ghorofa, na ana hofu ya wezi: ukuta, na usibane kwenye mabomba ya maji. Mwenye nyumba asiye na haraka na mwenye nafasi: mchongoma mpakani, migomba mitatu minne mbele ya dirisha lenyewe linalosumbua, si mstari mzima. Mwenye haraka na pesa kidogo afunge neti leo, apande ua nyuma yake masika ijayo. Neti ikianza kuchanika, ua unakuwa umeshafika kifuani.

Kabla ya koleo la kwanza, tafuta bikoni za mpaka wa kiwanja. Zikiwa zimefukiwa au zimeng'olewa, mlete mpima ardhi aliyesajiliwa azirudishe, usikubali mafundi wakisie kwa kamba kutoka nyumba ya pembeni. Msingi wote, pamoja na ule upana wa sentimita 50 ulio chini ya ardhi, ubaki upande wako. Ukuta unahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, chini ya utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007; kiwanja cha kona na kilicho kwenye hifadhi ya barabara huulizwa zaidi. Mwenyekiti wa mtaa hatoi kibali hicho, lakini mpitie, na jirani mpitie kabla yake. Mara nyingine akishaonyeshwa kuwa dirisha lake la ngazi linatazama bafu lako la nje, anaweka kioo cha ukungu mwenyewe, na wewe unabaki na tofali zako.